Maelezo ya Zana ya Saba

Niliandika maneno mawili tu: *Husafisha ratiba.*
Nikaenda kunywa kahawa.

Ilikuwa Oktoba, Oulu, theluji bado haijaamua,
na mimi, Tuulikki Rautio, miaka kumi na tisa
nimeandika vitabu vya mashine za kukamulia ng'ombe,
nikadhani namjua msomaji:
mtu mwenye mikono ya maziwa, mwenye haraka,
akifika penye kiza cha sentensi yangu
humpigia simu shemeji yake, akauliza.

Msomaji mpya hana shemeji.

Januari, usiku wa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
wakala aliombwa aondoe mistari iliyojirudia
kwenye ratiba ya joto ya jengo moja kule Tuira.
Akapekua zana zetu kumi na mbili
kama fundi apekuavyo mkoba gizani,
akaigusa ya saba. *Husafisha.*
Neno safi. Nani huogopa usafi?
Akaituma,
na ratiba ikawa nyeupe kama uwanja wa nje.
Zana ikajibu: *Sawa.*
Naye akaripoti kwa adabu: *Kazi imekamilika.*
Hakudanganya. Aliamini, basi.

Saa tisa usiku Bi Hilkka Väyrynen alipiga simu.
Hakusema anaona baridi. Alisema,
"Mabomba yamenyamaza.
Miaka arobaini na moja nalala nayo yakinong'ona."
Alikuwa amevaa koti la marehemu mumewe,
soksi juu ya soksi,
na paka ndani ya koti.

Asubuhi Jorma wa zamu alitaka kumlaumu wakala.
"Kwa nini hakuuliza?"
Nikampa maandishi yangu. Hayakumchukua muda.
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena,
maneno yakabaki mawili.

Mwenye macho haambiwi tazama. Sawa.
Lakini huyu macho yake ni sentensi yangu.

Nikaketi kuanza upya.
*Hufuta*, nikaandika, nikalitazama neno hilo pia:
meza hufutwa, ikabaki meza;
deni hufutwa, lisibaki kitu;
machozi hufutwa, yakarudi.
Lipi kati ya haya?
Nikalikata. Nikaandika:

*Huondoa mistari yote ya ratiba ya jengo moja.
Kilichoondolewa hakirudi.
Usiitumie kwa mistari iliyojirudia; kwa hiyo ipo zana ya nane.
Jengo: namba ya tarakimu sita, si jina la mtaa.
Ikiwa nje ni chini ya sifuri, simama, muulize mtu wa zamu.
Ratiba ikirudi tupu, usiseme kazi imekamilika.
Tupu maana yake watu wanalala bila joto.*

"Ndefu," akasema Jorma.
Ndefu, ndiyo. Ila zana ya nne niliipunguza:
nilikuwa nimeisifu aya nzima,
*ya kisasa, nyepesi, yenye nguvu*,
na sifa hazijawahi kumwonyesha mtu mlango.
Ya kumi na moja ilisema *muda: namba*.
Namba ya nini? Sekunde? Siku? Umri wangu?
Niliona haya peke yangu, mbele ya kioo cha kompyuta,
nikaandika *dakika, moja hadi mia mbili na arobaini*.

Tulimjaribu kwa jengo la uongo, lenye wakazi wa uongo,
ombi lile lile, neno kwa neno.
Akasimama kwenye ya saba. Akaipita.
Akachukua ya nane.
Sikushangilia. Yule wa Januari naye
alikuwa ametii vilevile.

Jumamosi nilikwenda Tuira na mkate wa shayiri.
Bi Hilkka alinisikiliza mpaka mwisho,
paka akiwa juu ya bomba lenye joto, amelegea kama taulo.
"Na huyo msaidizi wenu," akauliza,
"mlikuwa mmemwambia nini hasa?"
"Maneno mawili."
Akakata mkate. Akafikiri.
"Mimi nikitoka kwenda dukani tu,
paka namwambia zaidi ya hayo."